Kome wa Mzee Basili

Mzee Basili alichota kijiko cha mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, akakipuliza kipoe, akakimimina ndani ya tangi la kioo lililokaa pembeni ya televisheni. Kisha akainama, pua nusura iguse kioo, akawatazama kome wake kule chini mchangani.

Kome walibaki wameachama kidogo, wakivuta maji kama kawaida yao.

"Haya," akasema. "Leo hujatia kitu."

Mkwewe, Kornelia, alikuwa bado amesimama mbele yake. Mtori ule alishauonja. Ndiyo mila ya Wachaga: anayekukaribisha huonja kwanza, atoe sumu. Kwa watu wengine wa Uru hiyo ni adabu tu, mtu anagusisha mdomo huku anacheka. Kwa Mzee Basili haikutosha. Tangu mwanawe Valerian, mume wa Kornelia, afe ghafla kwa kuumwa tumbo, alisema wazi, hata kwenye jumuiya: huyu mwanamke wa Rombo kamaliza mume, sasa ananisubiri mimi ili abaki na kihamba, shamba letu la ukoo.

Kome aliuziwa na Tito, kijana wa mjini anayetengeneza matangi ya samaki. "Kome mjanja, mzee," Tito alimwambia. "Akikutana na maji mabaya anafunga ganda, kufuli kabisa." Mzee akashika hilo moja. Mengine Tito aliyosema yalipita juu ya kofia.

"Baba, kijiko kitawaonyesha nini?" Kornelia akauliza, macho makavu. "Mimina bakuli zima, moyo wako utulie."

"Unanifundisha?"

"Nakusaidia, Baba."

Akamimina bakuli. Tangu hapo ikawa ndiyo ada ya nyumba: mtori bakuli, uji kikombe, pombe ya mbege kata nzima. Majirani walijazana sebuleni jioni kutazama, kama watu waliofuata mpira.

"Mama Ndelilio," Rukia wa nyumba ya pili alimtania Kornelia, "hao wadudu wa baba mkwe wanashiba kukuzidi wewe!"

Kornelia alicheka pamoja nao, akakusanya vyombo, akaenda kuosha.

Jumapili moja watu walikuta maji ya tangi yamekuwa meupe kama maziwa yaliyoganda. Kome wote maganda wazi. Ukigusa, hakuna anayefunga. Harufu ilifika barabarani.

"Sumu!" Mzee Basili alipiga kelele mpaka sauti ikakwama. "Nilisema mimi! Ukoo uje uone!"

Ukoo ukaja. Sirili, mwanawe mkubwa, alitoka Sanya Juu na futi ya kupimia mfukoni; kabla hata ya kumsalimia baba yake alishapima upande wa migomba. Mizigo ya Kornelia ilitupwa uani, gauni la arusi juu kabisa, kuku wakalipitia. Watoto wake walizuiwa mlangoni wasimfuate.

"Utaondoka leo uende kwenu Rombo," mzee akamwambia mbele ya wote. "Watoto wanabaki. Kihamba anachukua Sirili. Na ushukuru sikuiti polisi."

Kornelia hakulia. "Naomba mawili tu, Baba. Tito aitwe awaone hao kome. Na mbege niliyoipika niigawe mimi, kabla hamjanihukumu."

Wazee wakatazamana. Nani akatae mbege?

Tito alifika na pikipiki, akazamisha mkono kwenye tangi, akatoa konzi ya uozo, akanusa. Kisha akakaa chini kwa kicheko.

"Mzee wangu, hizi si ndizi? Hii si nyama? Na hii pombe ulimpa nani? Kome anachuja maji, hachuji mtori! Hapa hamna sumu. Umewavimbisha mwenyewe mpaka wakaoza."

"Wamekufa kwa ulevi, marehemu!" Rukia akadakia, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Walicheka wazee, wakacheka watoto mlangoni. Mzee Basili alitafuta pa kuweka macho, akakosa.

Hapo Kornelia akaleta ndoo ya mbege. Akajaza kata, akainyanyua watu wote waione, akainywa yote mpaka chini. Akafuta mdomo. Akajaza tena, ikazunguka ukoo mzima, na mzee akanywa zamu yake akiwa ameinamisha kichwa.

Alipomaliza alitoka nje pole pole. Akarudi na jani la isale kutoka kwenye ua wa kihamba. Mchaga akikupa isale kuomba radhi, humkatalii.

"Mwanangu, nimekudhalilisha," akasema. "Sikieni wote. Nikifa hata leo, kihamba ni cha watoto wa Valerian, na mama yao ndiye msimamizi. Sirili, umesikia?"

"Nimesikia, Baba," Sirili akajibu, huku akiikunja futi yake.

Kornelia akapiga goti, akalipokea jani kwa mikono miwili. Vigelegele vikapanda. Mtu akaenda kumrudishia mizigo ndani, na watoto wakamkimbilia shingoni.

"Sasa nijazie nyingine, mama," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu. "Na usinionjee! Nasema mbele ya ukoo, kuanzia leo hutaonja tena kitu changu."

"Asante, Baba."

Jikoni, Kornelia alijaza kata mpaka ukingoni. Akapenyeza mkono nyuma ya debe la mkaa, akatoa kichupa kilichobaki nusu tangu kwa Valerian, akakimimina chote, akakoroga taratibu mpaka povu likakaa sawa.