Muhtasari wa Mama

Siku hizo video ndefu haikuruhusiwa kufunguliwa nyumbani kwa mtu mpaka ifupishwe na akili mnemba, na ikishafupishwa ilifutwa. Mama yake Sikudhani, aliyeishi Masasi, alikuwa amemtumia video ya karibu saa nzima. Sikudhani alishinda Jumamosi yote akiandika amri kwenye kompyuta ili asimike programu ya kufupisha. Kila amri ilizaa kosa jipya: mara toleo limepitwa na wakati, mara nywila haitambuliki.

“Si umpigie umuulize anasema nini?” mumewe alimwambia.

“Atasema nimempuuza. Wewe humjui mama.”

Jioni programu ilikubali, ikaimeza video na kutoa sentensi moja: “Mama ni mzima na anawasalimu.”

Kwa hasira Sikudhani aliandika amri ya kudai maelezo zaidi. Ikamjibu kwamba video haipo tena. Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa mama.

“Umenisikiliza mpaka mwisho, mwanangu?”

Sikudhani alimtazama mumewe.

“Nimekusikiliza, mama.”

“Afadhali. Basi mdogo wako asijue mpaka niwe nimeshaondoka.”

“Sawa, mama,” akasema, na mama akakata simu.