Ndoo za Kumsenga

Msafara wa Rais uliposimama Kumsenga, wanawake waliinua ndoo tupu. Walishakubaliana kwamba mwenzao Vestina aombe maji, basi.

Alipopewa kipaza sauti alikibana kwapani, akapiga magoti, akasalimia kwa makofi ya taratibu kama Waha wanavyosalimia wakubwa. Umati ukacheka kwa furaha.

“Sema, mama,” Rais alisema. “Shida yenu nini?”

Kipaza sauti kilikuwa kimelowa jasho. Vestina akakisogeza mdomoni.

“Mheshimiwa Rais, maji tutaendelea kuchota mtoni. Mwanangu amefungwa maisha, na mwenye uwezo wa kumsamehe ni wewe. Naomba umsamehe.”

 Nyuma yake ndoo zikaanza kuwekwa chini, moja moja, na wanawake wakapiga makofi, yale yale ya taratibu.