Nguchiro Atoa Ushuhuda

"Kwee!" Sauti moja ililia bandani usiku, ikakatika.

Jumapili Nguchiro alisimama kanisani. "Bwana asifiwe. Nimeteleza tena, wapendwa, lakini nilishaokoka. Neema haikauki."

"Amina," waliitikia wote, isipokuwa Kuku.

"Ndugu Nguchiro, hii ni mara ya tano, na hutaji jina. Mtaje mwanangu uliyemla."

"Mama, Mungu ameshasamehe. Majina ya nini?"

"Anayetubu hutaja. Ukishindwa, hujatubu, wala hujaokoka."

Nguchiro alicheka, akafungua kinywa ili yaishe. Jina halikutoka. Akilini alimwona yule kifaranga aliyekuwa akiketi naye benchi moja, akimfunulia kitabu cha nyimbo. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akitubu huku akijilamba.

"Kadzo," akanong'ona.