Chipsi za Maganga

Siku hizi ukibaki hai mwenzako akafa, sheria inakuletea roboti la utani nyumbani, na haliondoki mpaka ucheke. La Shija, kwa kuwa yeye Msukuma, lilitengenezwa Mzaramo, mtani wake, na halina adabu hata kidogo.

Jengo lilimwangukia Maganga, fundi mwenzake, wakati Shija ametoka kununua chipsi za wote wawili. Tangu hapo Shija halali, na chipsi hataki hata kuzisikia.

Leo wakati wa chai roboti likajilaza mkekani kama maiti.

"Miye Maganga," likasema. "Kufa nimekufa, sawa. Chipsi zangu kala nani?"

Midomo ikamcheza Shija.

"Nilizishika mpaka jioni! Na ulivyotaka pilipili nyingi, mshenzi wewe!"

Akacheka mpaka akalia. Mkewe, Nyamizi, akashika kifua. "Afadhali, jamani. Afadhali."

Roboti likainuka, likajipangusa. "Haya Msukuma, miye naondoka."

"Unaenda wapi?"

"Kwa mama yake Maganga. Ila huko bado sijapata la kusema."

Shija akaanza kutafuta viatu vyake.