Sasisho la Kampuni Iliyokufa

Sheria ni moja tu: kampuni ikifa, programu zake haziguswi tena na mtu yeyote. Yetu ilikufa miaka sita iliyopita. Tuliandika mfumo wa kuendesha mashine ndogo za moyo, kisha prosesa yake ikaacha kutengenezwa na wawekezaji wakatukimbia. Kompyuta ya mwisho niliizima kwa mkono huu huu. Lakini mashine moja bado iko kifuani mwa mama yangu, Bi Tausi.

Leo asubuhi ililia mlio wa kupokea sasisho la programu.

“Nani kakutumia?” nilimuuliza.

“Si nyinyi wenyewe, mwanangu?”

“Sisi gani, Mama? Hatupo!”

Nikaiunganisha na simu yangu, nikasoma. Ofisini tulikuwa na mchezo wetu: anayetuma sasisho huandika mwishoni alichokula siku hiyo. Mtu wa nje hakuujua. Mstari wa mwisho ulisema: “Kisamvu cha nazi. Chumvi imezidi.”

Nikageukia jikoni. Kisamvu cha Mama kilikuwa bado motoni, tui ndiyo kwanza linachemka. Hakuna aliyekionja.

Nikachukua mwiko, nikaonja.

Chumvi ilikuwa imezidi.