Kioo Kipana cha Bi Kulthum

"Hiyo siitaki. Sura za watu hazionekani."

Bi Kulthum aliipita televisheni ya kwanza, akaipita na ya pili, akasimama mbele ya ile kubwa kuliko zote dukani. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akakipima kwa shibiri. Muuzaji akamwambia hiyo nzito, na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe anazijua mwenyewe zilivyo. Akajibiwa aifunge.

Nasser, shemegi yake, alikuwa kasimama mlangoni anaona haya. Mwaka huo wa sabiini na tatu televisheni ndiyo kwanza zimeingia Unguja, na wenye nazo walitaka kutazama mpira na taarabu. Huyu wake yeye anauliza sura tu!

Alikuwa na sababu, na mtaa mzima ukiijua. Miaka tisa nyuma, Januari ile ya mapinduzi, watu walimwita mumewe Suud kutoka chini. Suud akavaa makubadhi yake, akasema, "Narudi sasa hivi." Ndiyo mpaka leo. Maiti hakuna, kaburi hakuna, barua hakuna. Kadhi alikwishahukumu kuwa Suud ni marehemu, mkewe akae eda ya miezi minne na siku kumi, kisha ashike maisha yake. Bi Kulthum akagoma katakata. Kila adhuhuri alimpakulia Suud chakula, akakifunika kwa kawa, na mlango wa chini hakuutia komeo. Na kila alasiri aliyasikia makubadhi yakipanda ngazi, pole pole, yakakoma pale penye kona. Hakuwahi kwenda kuchungulia, asije akakuta hapana mtu.

Kisha siku moja kwa jirani aliona televisheni inaonyesha umati wa watu, mamia kwa mamia. Tokea hapo hakulala.

"Shemegi," Nasser alimwambia walipokuwa njiani wanarudi, wachukuzi wanne wamebeba boksi mbele yao, "una miaka thelathini na nne. Kaa eda upumzike, na yeye umpumzishe. Hata hitima hatujamsomea."

"Nnamsomeaje hitima mtu nisiyejua aliko?"

"Nshakwambia, ndugu yangu angekuwa hai asingekuwacha hata wiki."

"Na mimi ndivyo nnavyosema. Angekuwa hai angenijia. Lakini sijamwona maiti, Nasser. Nitazame kwanza."

Wakaiweka ukumbini, ikielekea kiti cha Suud. Bi Mwanaasha, jirani wa mlango wa pili, akaja mbio kutazama jambo jipya. Alasiri hiyo ilikuwa inaonyeshwa mechi, timu ya hapa na ya Tanga. Nasser akabonyeza swichi. Picha ikaja na chenga tele, na kila mchezaji alikuwa na mwenzake ubavuni, mweupe mweupe, anakimbia anapokimbia yeye, anasimama anaposimama.

"Mbona kila mtu wawili wawili?" Bi Mwanaasha aliuliza.

"Antena hiyo, haijakaa sawa."

"Antena! Hao si watu, wallahi. Mashetani hao, na mimi kwangu nina watoto!" Akajitupia buibui lake, huyo akashuka.

Bi Kulthum hakucheka. Aliwakodolea macho wale weupe. Labda ndio wao, alijisemea, wale walioitwa chini wasirudi. Kumbe hawakwenda mbali, wanatufuata ubavuni tu. Aliogopa, jamani. Na alichokiogopa zaidi ni wasije wakaondoka kabla hajamwona wake.

Nasser akapanda juu ya paa kuigeuza antena.

"Vipi sasa?" alipiga kelele kutoka juu.

"Bado!"

"Na hapa?"

"Umezidi kuiharibu!"

"Haya, hapa je?"

Wale weupe wakaanza kusogea. Mmoja mmoja wakaingia ndani ya wenyewe, wakaisha. Chenga zikapungua, majani ya uwanja yakawa kijani kibichi. Mpira ulikuwa mapumziko, na picha ikawa inapita taratibu juu ya watazamaji, wale waliovuka kuja na timu yao kutoka Tanga. Nyuso kubwa, wazi, moja baada ya moja. Bi Kulthum akapiga magoti mbele ya kioo.

"Shemegi! Imekaa?"

Bi Kulthum akakisogelea kioo mpaka pua ikakigusa.

"Shemegi, jua linanichoma huku! Niiwache hivi?"

"Iwache," akajibu. "Teremka."

Nasser alipofika ukumbini aliikuta televisheni imezimwa. Bi Kulthum alikuwa kakaa chini kwenye mkeka, anavua herini.

"Mwite Bi Mwanaasha arudi," alisema. "Mwambie shetani hakuna. Aje anivishe nguo za eda. Naanza leo."

Nasser akakaa pale pale chini akalia, kilio ambacho miaka tisa yote alikuwa kakizuia mbele ya mwanamke huyu.

"Alhamdulillahi," alisema akijifuta uso. "Tutamsomea hitima Ijumaa. Umekubali, shemegi. Umekubali kama hayupo tena."

"Yupo." Bi Kulthum aliiweka herini ya pili juu ya mkeka. "Kanenepa. Kapakata mtoto, na mkewe anamlisha njugu."