Besi Iliyoendelea Bila Mimi

Katikati ya wimbo wa tatu niliinua mkono kujifuta jasho, na besi ikaendelea kupigwa.

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umeshika kitambaa tu. Mbele yetu maharusi wanacheza, wajomba wamevua makoti, na besi inatembea nzito, imetulia tuli.

Gitaa langu la besi nililinunua juzi, baada ya kuwachosha wenzangu wa bendi mwezi mzima kwa habari za nyuzi zake na mbao zake. "Leo mtanikoma!" niliwaambia tukiwa tunapanga vyombo.

Nikageuka nyuma. Waya wa gitaa langu ulikuwa umechomoka kwenye spika, umelala sakafuni, na alama ya kiatu changu mwenyewe iko juu yake. Tangu saa ngapi?

Na sasa nani anapiga?

Nikamwangalia shemeji yangu kwenye kinanda. Mkono wa kulia ulikuwa na kazi yake ya kila siku. Wa kushoto ulikuwa umejificha kule kwenye sauti nene, unapiga besi yangu yote, hata ile mbwembwe niliyoibuni jikoni nikidhani hakuna anayenisikia. Tena alikuwa anaipiga vizuri kuliko mimi.

Akanikonyeza. Nikainama haraka kuokota waya.

Ndipo mke wangu, mwimbaji wetu, ambaye hakujua lolote, akapaza sauti kwenye maikrofoni: "Jamani, gitaa jipya hilo! Besi peke yake!"

Ngoma zikanyamaza. Shemeji akainua mikono yote miwili juu, ukumbi mzima ukaiona, akanigeukia.

Waya ulikuwa bado mkononi mwangu.